Mkekani na Kochini

Mama yangu alipotolewa mtoto wa jicho alitakiwa kukaa karibu na hospitali miezi michache, kwa hiyo akafunga safari kutoka Tanga akaja kwetu Dar es Salaam. Kuna vitu vitatu alivyokataa katakata kuvitia kwenye buti la basi, akasafiri navyo miguuni: mkeka wake wa ukindu, chetezo chake cha udongo, na mfuko wa kanda za taarabu. Mashine ya kuchezea kanda hatuna siku nyingi. Mjukuu wake akamtafutia nyimbo zile zile kwenye simu, akaiunganisha na amplifaya ya sebuleni, na Mama akawa amefika nyumbani.

Kwenye kochi Mama hakai; anasema linamvunja kiuno. Akatandika mkeka karibu na mlango, penye upepo, akaegemea ukuta, na hapo pakawa pake. Televisheni haikumfaa kitu kwa macho yale yenye ukungu. Starehe yake yote ikawa ya masikio.

Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, huyu Shakila mmemfunika na nini?"

Nilikuwa nimekaa kochini, na kochini Shakila binti Saidi alikuwa anasikika bila tatizo. Mtu wa Tanga humwambii kitu juu ya Shakila. Ndiye aliyekuwa sauti ya Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu ya kule, na Mama nyimbo zile alizicheza akiwa msichana. Nikamjibu kwamba huenda masikio yake yamechoka na safari. Hakusema kitu. Akavuta kanga kichwani, akageukia mlangoni.

Jibu lile limenikaa moyoni mpaka leo. Jioni alipoinuka kwenda kuswali niliketi pale pale alipokuwa ameketi, na sauti ikazama. Gitaa lilikuwepo, ngoma zilikuwepo. Maneno ndiyo yaliyoondoka, kama mtu anayezungumza huku amejifunga mtandio mdomoni. Nikainuka nusu, maneno yakarudi. Nikaketi, yakaenda.

Spika zetu zilikuwa mbili za kusimama sakafuni, mtumba mzuri nilioupenda kwa miaka mingi. Kila moja ina twita juu na wufa chini yake, na kutoka kitovu cha hii hadi kitovu cha ile ni sentimita 22. Kwenye sanduku la namna hiyo sauti ya mwimbaji haitoki mahali pamoja. Kifua chake hutoka kwenye wufa. Makali ya s na f na ch hutoka kwenye twita. Katikati, kwenye Hz 2,500 hivi, zote mbili zinasema neno lile lile kwa wakati mmoja, na hapo ndipo maneno yanapoeleweka au yanapopotea. Kwa joto la Dar es Salaam sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la Hz 2,500 lina urefu wa sentimita 14.

Nilichukua futi ya cherehani ya mke wangu nikapima. Sebule yetu ni finyu. Kochini na mkekani, kote ni kama mita moja na nusu kutoka kwenye spika. Kwa sikio la aliye kochini, twita iko karibu kuliko wufa kwa sentimita tatu. Kwa sikio la aliye mkekani, wufa ndiyo iliyo karibu, kwa sentimita tatu na nusu. Maana yake, ukishuka kutoka kochini hadi mkekani, sauti hizi mbili zinaachana kwa sentimita sita na nusu, na nusu ya wimbi ni saba. Zikiachana nusu wimbi, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na zinafutana. Masikio ya Mama yalikuwa mazima. Aliyezitengeneza spika zile alimfikiria msikilizaji aliyekaa kwenye kiti, na nyumbani kwetu nusu ya watu hukaa chini.

Dawa ya jambo hili si mpya. Mwaka 1947 kampuni ya Tannoy ya Uingereza ilitoa spika iliyoitwa Dual Concentric, ambayo twita imefichwa katikati ya wufa, zote zikitazama mbele kwa mhimili mmoja. Wamarekani wa Altec Lansing nao walikuwa na ya kwao, 604, miaka hiyo hiyo ya 1940. Mwaka 1988 KEF, Waingereza pia, wakaleta Uni-Q, ambayo twita imekaa shingoni kabisa mwa koni ya wufa. Hizi ndizo spika za koaksia. Ukipanda juu ya meza, ukilala sakafuni, umbali wako hadi twita na umbali wako hadi wufa unabaki ule ule, kwa sababu zote mbili ziko mahali pamoja. Sioni ni kwa nini kila nyumba yenye mkeka isiwe na spika za namna hii.

Spika za majina hayo mfuko wangu haukuziweza. Lakini koaksia imejaa mjini, ila watu hawaiiti hivyo. Fungua kava la mlango wa gari dogo: mara nyingi utakuta wufa ya inchi 6.5, na katikati yake kijiti kilichobeba twita. Nilikwenda Kariakoo nikanunua jozi moja kwa shilingi 90,000, nikaikagua palepale kaunta. Koni ya plastiki ngumu, ukingo wa mpira, na mgongoni kapasita moja tu kama punje ya haragwe, inayozuia besi isiende kuiunguza twita. Iliandikwa mikrofaradi 4.7. Kwa twita ya omu 4, kapasita hiyo inafungua njia kuanzia Hz 8,500 hivi, kwa hiyo neno zima la mwimbaji linabaki mdomoni mwa wufa na twita inaongeza makali tu juu yake. Kwa ajili ya Mama sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kilichobaki kilikuwa sanduku, na kwenye sanduku ndiko mambo yalikoanza kwenda mrama.

Kwenye korido yetu palikuwa na ubao wa plaiwudi wa milimita 18, mzima, futi nne kwa nane, umeegemezwa ukutani tangu mfungo uliopita. Mke wangu aliununua zamu yake ya upatu ilipofika. Ulikuwa wa kabati la vyombo, na kwa penseli alikwisha kuchora juu yake rafu tano. Hesabu yangu ya masanduku mawili, kila moja likiwa na lita 20 ndani, upana sentimita 22, kimo 36, kina 25.5, ilikuwa inakula theluthi moja tu ya ubao. Nikajiambia theluthi moja si kitu, rafu zitabana. Yeye alikuwa amekwenda kupeleka nguo za harusi kwa mteja wake. Nilipaswa kumsubiri nimwombe. Sikumsubiri, kwa sababu nilijua angesema nini, na aliporudi alikuta unga wa mbao mpaka kwenye mashuka.

Alisimama mbele ya ubao akaweka kidole kwenye mstari wa penseli, pale ulipokatikia.

"Hii ilikuwa rafu ya sufuria kubwa," akasema. Akaingia chumbani, na cherehani ikaanza kukimbia.

Nilitaka kazi iende haraka ili nimwonyeshe kwamba kuna faida. Haraka hiyo ndiyo iliyoniponza kwenye tundu la kwanza. Ili nichore duara nilitafuta sahani jikoni, nikailinganisha na spika hadi nikapata inayolingana nayo ukingo kwa ukingo, sentimita 16.5, nikaizungushia penseli. Nilikata masanduku yote mawili kwa uangalifu mkubwa. Nikapiga msasa. Nikaita watoto waje waone. Nikaweka spika mahali pake, nikaachia mkono, nayo ikapita kama embe kwenye mdomo wa kapu, ikatua ndani kwa kishindo.

Spika hushikiliwa na ukingo wake. Tundu linatakiwa kuwa la kikapu cha nyuma, sentimita 14, ili ukingo ubaki nje ukiegemea mbao na skrubu zipate pa kushika. Mimi nilipima uso mzima. Binti yetu wa darasa la tano alitazama tundu, akatazama sahani, akaniuliza, "Baba, si ungechukua ya kikombe?" Alisema kweli, ya kikombe ilikuwa ndiyo hasa.

Ikabidi nikate pete mbili, nje sentimita 20, ndani 14, nizigandishe juu ya matundu yale. Nazo zikatoka kwenye ubao ule ule, upande wa rafu ya pili.

Kwa bomba ambalo sanduku hupumulia, nilitumia akili ya chupa. Ukipuliza mdomo wa chupa tupu ya soda inalia kwa sauti moja tu, na chupa kubwa inalia nzito kuliko ndogo. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeieleza hesabu yake: hewa iliyo shingoni inacheza kama uzito, na hewa iliyo tumboni inacheza kama springi. Sanduku la spika lenye bomba ni chupa hiyo hiyo. Unachagua sauti ambayo koni inaanza kuchoka, unalifanya sanduku lilie papo hapo, na bomba linaipokea kazi. Kwa lita 20 na bomba la maji la inchi mbili, ili lilie karibu na Hz 45, urefu ni sentimita 11. Fundi bomba wa mtaani alinikatia vipande viwili kwenye masalio yake akakataa hela.

Ndani ya sanduku panahitajika kitu laini, ili sauti ya mgongoni mwa koni isigonge ukuta wa nyuma na kurudi kutokea mbele kwa kuchelewa. Wenzetu hutumia sufu ya kondoo au pamba za viwandani. Mimi nilifikiria sufi. Ni nyepesi, imejaa hewa, haishiki unyevu upesi, na mito yetu mingi ya pwani imejazwa kwayo. Palikuwa na mto mmoja wa zamani juu ya kabati la nguo ambao sikumwona mtu akiulalia. Niliupasua, nikajaza masanduku yote mawili mpaka nyuma ya bomba, nikafunga skrubu.

Usiku wa kwanza ulikuwa Ijumaa. Majirani wawili walikuwa wamekuja kumjulia hali Mama, wameketi naye mkekani, chai imekwisha kumiminwa. Niliweka masanduku juu ya stuli mbili, nikaunganisha nyaya, nikawasha. Shakila akaingia, na maneno yalikuwepo, mkekani kule, yote. Mama akaacha kuzungumza na wageni. Nikaona anainua kidevu, namna anavyofanya mtu anapoitwa kwa mbali. Mke wangu naye akatoka chumbani, akasimama mlangoni na sindano mdomoni.

Nikaongeza sauti ili besi nayo isikike.

Kwenye bomba la kushoto kikatoka kitu cheupe. Kikaelea. Kikafuatwa na kingine, kisha fungu zima, likipanda taratibu kwenye mwanga wa taa, na bomba la kulia nalo likaanza. Kila besi ilipopiga, sanduku lilikohoa. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa karibu zaidi, alipiga kelele, "Moto! Spika inatoa moshi!"

Mke wangu hakusita. Alikimbilia swichi kuu akaizima, na nyumba nzima ikawa giza. Kwa jambo hilo namshukuru hadi leo, kwa sababu gizani mwanangu alikwisha kufika jikoni, akarudi na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akalenga mahali alipokumbuka spika ilipokuwa. Tulisikia maji yakipiga mbao, kisha kikombe kikivunjika, kisha jirani mmoja akisoma Bismillahi kwa sauti.

Mshumaa ulipowashwa, wanawake watatu mkekani walikuwa na sufi kwenye nyusi, kwenye kanga, na juu ya chai. Mama alichukua fungu moja kutoka begani kwake akalisugua kati ya vidole. Macho hayaoni vizuri lakini vidole vyake vinajua.

"Hii sufi," akasema. "Sufi ya zamani, nzuri. Mmeitoa wapi?"

Mke wangu akainua mshumaa kuelekea juu ya kabati la nguo, chumbani, ambako mlango ulikuwa wazi. Mto ule alipewa na marehemu bibi yake siku aliyoolewa. Hakuna aliyeulalia kwa sababu ulikuwa umetunzwa.

Sitasimulia yaliyosemwa usiku ule chumbani. Niliomba radhi kwa mto, na nilipoomba kwa mto ndipo nilipoona kwamba kwa ubao nilikuwa bado sijaomba. Nikaomba yote mawili. Asubuhi alinikuta nachambua sufi iliyolowa, naitandaza juani kwenye ungo, akaiangalia kwa muda, halafu akaniambia kitu ambacho ningekijua kama ningemuuliza tangu mwanzo: "Sufi haikai bila mfuko. Hata kwenye mto ina foronya ya ndani."

Alishona mifuko minne ya kitambaa cha chandarua kuukuu, ambacho matundu yake yanapitisha hewa lakini hayapitishi sufi, kila mmoja una utepe wa kuufungia kwenye ukuta wa sanduku ili usisogelee bomba. Sehemu iliyobaki ya sufi ilirudi kwenye mto, na mto ukashonwa upya. Umepungua unene, lakini upo.

Spika zenyewe maji hayakuzidhuru. Koni za plastiki na ukingo wa mpira zimetengenezwa kwa ajili ya mlango wa gari, mahali ambapo mvua hupenya kila masika; zilipanguswa zikakauka. Mbao ndizo zilizoumia. Sikuwa nimepaka vanishi bado, na sanduku la kushoto lilivimba pembeni. Lilipokauka, likawa linapiga filimbi nyembamba kila besi inapoingia. Palikuwa na ufa mahali fulani, na kwa macho sikuuona.

Mama ndiye aliyeupata. Aliniambia niziwashe spika, akasikiliza mara mbili, akasema, "Linavuja hili. Nipe chetezo." Akatia kaa la moto na vipande viwili vya udi, akakiweka chini ya mdomo wa bomba, nami nikaupeleka moshi ndani kwa kupepea na kipepeo cha jikoni. Tukaziba bomba kwa kitambaa. Akaniambia niisukume koni. Niliisukuma kwa vidole vitatu, polepole, kama unavyobonyeza tumbo la mtoto mwenye homa, na kwenye pembe ya chini, nyuma, ukatoka uzi mmoja wa moshi, mwembamba, umenyooka, ukapanda mpaka usawa wa macho yetu ndipo ukakatika. Mama hakuuona. Aliunusa, akanyoosha mkono mahali ulipotokea, kidole kikatua kwenye ufa wenyewe.

Nilichanganya gundi ya mbao na unga wa msumeno, nikausindilia ufa, na safari hii nikapaka vanishi mikono mitatu. Hadi leo ukikaribia sanduku la kushoto unasikia harufu ya udi.

Amplifaya nitaisema kwa kifupi. Ya zamani ilikuwa imeandikwa mgongoni omu 8, na spika za gari ni omu 4, ambazo kwa volti zile zile zinavuta umeme mara mbili. Baada ya saa moja kifuniko chake hakikuwa cha kushikika kwa mkono. Nikanunua bodi ndogo ya amplifaya ya daraja D, saizi ya kiganja, inayokubali omu 4 na kula umeme wa chaja ya laptop. Umeme ukikatika inakubali pia betri ya volti 12 ya sola, ingawa kwa nguvu ndogo, na kwa mwenye mgonjwa anayeishi kwa masikio hilo si jambo dogo. Twita zilikuwa kali kidogo, zinachoma kwenye s, nikaongeza rizista ya omu 2 kwa kila moja, zikashuka kama desibeli tatu na nusu. Basi.

Nilidhani tumemaliza. Nikamwita Mama asikilize, masanduku yanang'aa, mifuko imo ndani, hakuna kinachoelea. Alisikiliza wimbo mzima bila kusema kitu, na wimbo ulipokwisha akauliza, "Amekaa wapi?"

"Nani, Mama?"

"Shakila. Siku ile ya sufi alikuwa hapa katikati, mbele yangu. Leo yuko kila mahali. Yuko nje ya nyumba."

Niliketi kando yake. Alikuwa amesema kweli. Maneno yalikuwepo lakini hayakuwa na mahali, na besi ilikuwa imekonda. Ilinichukua dakika nyingi za kuona aibu kabla sijakumbuka kwamba nilipofungua masanduku kuyakausha nilirudisha nyaya kwa kubahatisha. Nilitumia waya wa kengele wa rangi moja, pande zote mbili nyeupe, bila mstari. Spika moja ilikuwa inasukuma na nyingine inavuta. Ni kosa lile lile la nusu wimbi lililonifanya niyajenge masanduku haya, nami nimelirudisha sebuleni kwa mikono yangu.

Kuna njia ya kulithibitisha bila kifaa chochote cha kupimia. Unachukua betri ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, unagusisha chanya kwenye waya uliouwekea alama na hasi kwenye mwenzake. Koni inayotoka nje iko sawa. Inayoingia ndani imegeuzwa. Mwendo wenyewe ni mdogo, na mchana, kwenye koni nyeusi, si rahisi kuuona. Nikamwomba Mama aweke vidole.

Akaweka vidole viwili kwenye koni ya kulia, karibu na ukingo, wepesi, namna anavyopima chapati kama imeiva. Nikagusisha betri. Tap.

"Imenisukuma," akasema.

Tukahamia kushoto. Tap.

"Hii imenikimbia."

Tulirudia mara tatu kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka. Nadhani alifurahi kuigusa sauti. Kisha nikabadilisha nyaya za kushoto, na mke wangu akaleta uzi mwekundu wa cherehani akaufunga kwenye kila waya wa chanya, mafundo mawili, ili siku nyingine nisibahatishe.

Jioni ile hatukuwa na wageni. Shakila akaingia, akasimama katikati ya kuta mbili za sebule, hatua moja mbele ya televisheni iliyozimwa. Mama alikuwa mkekani. Mke wangu alikuwa kochini, ameshika kanzu anayoitia vifungo. Kabla ya ubeti wa pili Mama aliinua mkono tunyamaze.

"Mmesikia? Anavuta pumzi."

Hatukusikia. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha, na ikawepo: pumzi fupi, kabla tu ya neno, ya mwanamke aliyesimama karibu na maikrofoni miaka mingi iliyopita. Mama alisema kwamba mara ya mwisho kuisikia pumzi ile alikuwa amekaa mstari wa mbele Tanga, na mwimbaji mwenyewe yuko mbele yake. Mke wangu akaweka kanzu chini. Alishuka kochini akaketi mkekani kwa mkwewe, akasikiliza. Akainuka akarudi kochini, akasikiliza. Akashuka tena. Nilimwacha apime mwenyewe. Nilikuwa nimejifunza kutomwambia mtu masikio yake yanasikia nini.

"Sawasawa," akasema hatimaye. "Huku na huku." Halafu akasema, "Jumamosi tunakwenda Keko."

Tukaenda kununua ubao mwingine. Alichagua ubao yeye, akaugonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama una uwazi ndani, akakataa miwili, akachukua wa tatu. Kabati lina rafu sita sasa, na ya sufuria kubwa iko chini, imewekewa mhimili. Vile vipande vya duara vilivyotoka kwenye masanduku na kwenye pete, vinne jumla, hakuvitupa. Alivipiga msasa akavipaka mafuta ya nazi, navyo ndivyo vinavyokaliwa na sufuria za moto mezani kwetu. Viwili vina sentimita 16.5, viwili 14.